Nilivyokusanya ngozi za wazee Lamu bila kuitwa mumiani

Nianze na washauri, maana hao ndio walionichosha kuliko kazi. "Wazee wa Amu hawatoi ngozi, watakuita mumiani." "Pitia kwa chifu, gawa soda." "Weka pesa mezani uone watakavyopanga foleni." Wote walikosea. Aliyekosea zaidi ni bwana mmoja wa mradi, aliyekuwa akinielekeza kwa simu kutoka ofisi yenye kiyoyozi. Huyo nitamrudia, sijamsamehe.

Kazi yenyewe ilikuwa utafiti wa namna seli zinavyozeeka. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikifugwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha hukoma. Hazifi papo hapo, zinakaa tu bila kuzaa. Sababu moja ni telomea, zile ncha za kromosomu, ambazo hufupika kila seli inapogawanyika. Sasa ukitaka kulinganisha, unahitaji ngozi ya mzee na ngozi ya kijana, na zote zifike zikiwa hai. Neno "hai" liwekeni akilini.

Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kila mtu atafuata mwenyewe. Mimi nesi nilipokuwa nazo mkononi sikwenda kwa chifu. Nilikwenda Mkunguni baada ya alasiri, mbele ya ngome, wazee walipo na kahawa yao. Nilikuwa na panchi moja, kile kifaa cha kukatia kipande cha ngozi, ndani ya pakiti yake, nikaitembeza mkono kwa mkono. Mdomo wake ni milimita 3, haufiki upana wa kifungo cha kanzu. Mzee mmoja akaigeuza, akanirudishia. "Haya, nyama hiyo mwaipeleka wapi, na mwisho wake ni nini?"

Nilikuwa nimeonywa nisimtaje kabisa Henrietta Lacks. Ndiye niliyemtaja. Mama mweusi wa Marekani, alikuwa mgonjwa wa saratani, hospitali ya Baltimore ikamchukulia seli mwaka 1951 bila kumuuliza. Yeye akafariki mwaka uleule, seli zinafugwa mpaka leo, watu wametajirika kwazo, na familia ilikaa zaidi ya miaka 20 bila habari. Baraza likanyamaza. Nikatoa fomu ya ridhaa, nikasema karatasi hii ipo kwa ajili ya yale aliyofanyiwa yule mama. Wakanisomesha mara ya pili kile kifungu cha mtu kujitoa wakati wowote. Ami yangu akakunja mkono wa kanzu: "Mimi kwanza, wasije wakasema tumewaogopa nyinyi watoto."

Ngozi tulichukua upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko. Wengi wa wazee hawa ni mabaharia, na jua nalo huzeesha ngozi kivyake, kwa hiyo ukichukua kwenye kigasha utapima jua la Bahari ya Hindi badala ya umri wa mtu. Ganzi, panchi, bandeji, basi.

Ngozi changa tulipata kwenye tohara, likizo za shule. Tatizo ni kwamba familia nyingi huzika kile kinachokatwa. Hapa najisifu kidogo: mzazi akisharidhia, nilikuwa nikikata kijipande tu, kilichobaki nakifunga kwenye shashi safi namkabidhi mama akazike. Hakuna aliyenikatalia baada ya hapo. Ila lazima usimame chumbani mwenyewe na kichupa chako, maana mazoea ya wahudumu ni kutumbukiza kila kipande kwenye fomalini, na fomalini huua seli zote.

Sasa yule bwana. Amri yake ilikuwa barafu nyingi, tena inyunyiziwe chumvi "isiyeyuke upesi". Nikampinga, akashikilia, mradi ni wake. Tukanunua barafu ya wauza samaki, tukavunja, tukatia chumvi, vichupa tukavifukia ndani. Anayejua kutengeneza aiskrimu kwa mkono ameshacheka. Chumvi huiyeyusha barafu na kushusha joto chini ya sifuri, maji yaliyomo ndani ya seli yakaganda, yakazipasua. Baadaye maabara ya Nairobi ikapiga simu: vipande vimekaa chini ya sahani, hakuna seli hata moja iliyotambaa nje ya kipande, maana yake zote zimekufa. Bwana akanipigia: "Uliziacha juani?" Mimi! Nilimrushia ujumbe wake mwenyewe wa chumvi, bila hata salamu.

Aliyeniokoa ni dada wa chanjo. Akanambia chanjo nyingine zikiganda zimeharibika, na ngozi ni vivyo hivyo. Toa pakiti za barafu kwenye friza, ziache mezani, uzitikise mpaka usikie maji yakicheza ndani. Hapo ndipo zinaingia kwenye kuli boksi. Nikazifunga kwa leso kuukuu, vichupa vya ngozi, vyenye maji ya lishe ya kuziweka seli hai, vikakaa katikati, visiguse pakiti. Yangu mwenyewe niliyoongeza ni kichupa cha maji matupu kando yao. Maji hayo huganda kabla ya maji ya lishe, kwa hiyo maabara wakikikuta kimeganda, wanajua ngozi ziko hatarini. Sasa wanaagiza kila mtu aweke.

Kusafirisha boksi kwa basi ni bei nafuu lakini usikupende: barabara ya Mokowe kwenda Garsen unaweza kukaa ukingoja askari wa kusindikiza. Mimi nilivuka kwa boti hadi Manda nikapandisha boksi ndege. Inakula elfu kadhaa, na mradi ulilalamika kidogo tu, kwa sababu sasa seli zilikuwa zinatambaa. Za watoto zilitoka mapema, za wazee kwa kujivuta. Ami kila tukikutana huuliza kama zake zimeshapata wajukuu.

Na mkaguzi wa uwanjani akikuuliza boksi lina nini, sema vipimo vya maabara, toa barua. Mwenzangu alijibu "ngozi za watu", ndege ikamwacha.