Ule mstari wa Yohana niliokuwa nauruka

Injili ya Yohana nimeisoma toka nipo sande skuli, ila nikifika 10:22 nilikuwa napita mbio kama basi la mwendokasi. "Basi huko Yerusalemu ilikuwa Sikukuu ya Kutabaruku, ni wakati wa baridi." Kutabaruku kwetu ni askofu anakuja kuzindua kanisa jipya, watu wanapiga pilau, basi. Kumbe ndo Hanuka yenyewe, ile sikukuu ya Wayahudi ya siku nane ya kuwasha taa, na Yesu alikuwepo, anatembea zake kwenye ukumbi wa Sulemani!

Nimekuja kulijua hilo huku Marekani, nilipokuwa namhudumia bibi mmoja Myahudi, miaka 80 na kitu. Jioni ya kwanza akaniambia nisogeze meza dirishani, nje theluji tupu, akatoa kinara cha mishumaa tisa. Nikamwambia bibi, siku si nane, huu mmoja umezidi? Akacheka. Ule wa tisa anauita shamashi, yaani mtumishi, ndo unawasha wenzake, na mwanga wa ile mingine hauruhusiwi kufanyia kazi yoyote hata kusomea, ni wa kutazama tu. Mi nishavuta kapu la nguo nikunje, akanambia we kaa kwanza. Nikakaa kama nusu saa hivi, mikono mitupu, sijazoea kabisa.

Kesho yake ikawaka miwili, keshokutwa mitatu. Walimu wao wa dini zamani walibishana, wanafunzi wa mwalimu Shamai wanasema anza na minane uwe unapunguza, wanafunzi wa mwalimu Hileli wanasema hapana, unaanza na mmoja unaongeza, na wa Hileli ndo wakafuatwa. Hileli nampenda bure.

Chanzo cha sikukuu hiyo kiko kwenye vitabu vya Wamakabayo, Biblia yangu haina, ikabidi niazime kwa rafiki yangu Mkatoliki. Kitabu cha kwanza sura ya 4 sasa, Yuda Makabayo na ndugu zake wanarudi hekaluni kulitabaruku upya baada ya mfalme Antioko kulinajisi, malango yamechomwa, uani vichaka vimeota kama porini. Hiyo ni mwaka 164 KK. Ule muujiza unaosimuliwa, kwamba mafuta ya taa ya hekalu ya siku moja yaliwaka siku nane, humo haumo, uko kwenye Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi. Kilichonishika mimi ni mawe. Madhabahu iliyochafuliwa waliibomoa, mawe yake hawakuyatupa, wakayaweka pembeni mpaka atokee nabii awaambie wayafanyeje. Sasa rudi kwa Yohana uone, sikukuu hiyohiyo, hekalu hilohilo, watu wamemzunguka Yesu wanataka aseme waziwazi kama yeye ndo Kristo. Niliisoma mara tatu.

Ila wale Wakristo wenzangu wanaowasha kile kinara kanisani na kusema shamashi ni Yesu, mi hapana jamani, sikukuu ya watu tuwaachie wenyewe. Ukialikwa nenda, kaa, tazama.

Usiku wa nane nilikaanga maandazi ya iliki, maana siku hizo wanakula vitu vya mafuta. Bibi akala matatu, kinara chote kinawaka, akauliza hiki kinachonukia hivi ndani ni kitu gani.