Jinsi nilivyompatia mama kifaa cha kurekodi TV anachokiweza

Mama anashinda kwenye zabibu huko Hombolo, Dodoma, hivyo maswali ya Bunge ya saa 3 asubuhi yanampita. Alitaka ayakute jioni, bila kumsubiri mjukuu aje kumbonyezea.

Deki ya DVD ya kurekodia niliyomletea kwanza ilimshinda siku ya pili: menyu ndani ya menyu, maandishi madogo. Nikarudi madukani Majengo, safari hii nikitaka kila muuzaji arekodi mbele ya macho yangu. Nikachukua king'amuzi chenye tundu la USB. Kitufe chekundu kinarekodi, cha mraba kinasimamisha, basi.

Nyumbani rekodi ikawa inakatika katikati. Kumbe flashi niliyoichomeka ilikuwa ya FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili), na humo faili moja halivuki GB 4. Nikaweka diski ya nje, nikaifomati NTFS, mfumo usio na kikomo hicho (si kila king'amuzi kinaisoma, ulizia kwanza), nikategesha saa irekodi yenyewe. Halafu plagi: mama akitoka huchomoa zote. Ya king'amuzi nikaizungushia utepe mwekundu, asiiguse.

Jana nimemkuta mkekani, rimoti mkononi, akirudisha nyuma jibu la waziri kuhusu maji ya vijijini alisikie vizuri.