Jinsi Nilivyochagua Pikapu ya Gitaa kwa Muziki wa Metali

Bendi yetu ya watu wanne hapa Nairobi hupiga muziki wa metali, na kwa miaka miwili nilikuwa na tatizo moja lililoninyima raha. Uzi mzito wa gitaa langu tumeuteremsha kutoka noti ya E hadi C, na nyuzi tano zilizobaki zimeshushwa hatua moja nzima. Katika muziki wa namna hii mpigaji huziba nyuzi kwa ukingo wa kiganja karibu na daraja la gitaa, yaani kile kipande kilicho kwenye mwili wa gitaa ambacho nyuzi hukalia, kisha hupiga mapigo ya haraka, na kila pigo linapaswa kusikika peke yake kama nyundo juu ya fuawe. Mapigo yangu hayakusikika hivyo. La pili lilizama ndani ya la kwanza, la tatu likazama ndani ya la pili, na mpiga ngoma wetu akawa ananiuliza kila siku ya mazoezi kama ninapiga pamoja naye au ninamfuata nyuma.

Nilijiambia kwamba pikapu haina nguvu ya kutosha. Pikapu ninayoisema hapa ni kile kifaa chenye sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, kinachokaa chini ya nyuzi na kuugeuza mtetemo wa nyuzi hizo kuwa umeme. Gitaa langu lilikuja na hambaka, yaani pikapu yenye koili mbili. Ubunifu huo, ambao Seth Lover aliufanyia kazi katika kampuni ya magitaa ya Gibson mwaka 1955, ni wa busara sana: koili mbili huunganishwa kwa mielekeo inayopingana na kupewa ncha za sumaku zinazopingana, hivyo mvumo unaotoka kwenye nyaya za umeme wa nyumba hujifuta wenyewe, ilhali sauti ya nyuzi hujumlishwa. Mpiga metali anauhitaji ubunifu huo kuliko mtu yeyote, kwa sababu amplifaya iliyofunguliwa kwa mkwaruzo mkubwa hukuza kila kinachoingia, na mvumo wa umeme wetu wa hezi 50 hukua pamoja na muziki.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufuata namba. Niliona pikapu iliyotangazwa kuwa na ukinzani, yaani kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme, wa kilo-omu 20, ilhali ile niliyokuwa nayo ilikuwa na 9 tu, nikaamini kwamba namba kubwa maana yake ni nguvu kubwa. Muuzaji naye alinihakikishia hivyo. Nilipoifunga, sauti iliongezeka kweli, lakini tope nalo likaongezeka. Nyuzi nyembamba zilipoteza makali yake yote, na uzi wa C ulivuma kama lori linalopanda mlima likiwa kwenye gia ya juu.

Niliipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na amplifaya katika kibanda kidogo karibu na Luthuli Avenue. Aliweka ncha mbili za mita kwenye nyaya, akasubiri namba itulie, ikasimama kwenye 19.6.

“Mzee, si namba ni nzuri?” nilimuuliza.

“Kijana wangu, hii mita inapima waya. Waya ukiwa mrefu, namba inapanda. Waya ukiwa mwembamba, namba inapanda vilevile. Sauti bado hujaipima.”

Maneno hayo yaliniokolea fedha nyingi. Fundi anaweza kutumia waya mwembamba zaidi na kupata ukinzani mkubwa bila nguvu kuongezeka kwa kiasi kile unachokitarajia. Akiongeza mizunguko, nguvu huongezeka, lakini indaktansi ya koili, yaani tabia yake ya kupinga mabadiliko ya umeme, nayo huongezeka, na indaktansi ikishirikiana na uwezo wa kebo wa kuhifadhi chaji huteremsha kile kilele cha sauti za juu ambacho ndicho kinachofanya pigo liwe na ncha. Ndiyo maana pikapu iliyojazwa waya kupita kiasi hulia kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Mzee huyo, ambaye katika ujana wake alitengeneza magitaa ya wapiga benga, alinieleza kwamba wao walimwomba kinyume kabisa cha nilichokitaka mimi: walitaka gitaa ling'ae juu ya bendi nzima, nao hawakujali hata kidogo kama sauti yake ni ndogo kabla ya kufika kwenye amplifaya.

Baada ya hapo nilianza kusoma kwa makini maelezo ya watengenezaji, na mfano mmoja ukanifungua macho. Kampuni ya Seymour Duncan ya California ina pikapu tatu za daraja ambazo ukinzani wake unakaribiana mno, takriban kilo-omu 16 na nusu kila moja: JB, Distortion na Invader. Mtu anayetazama namba peke yake angedhani ni kitu kimoja chenye majina matatu. Lakini JB ina sumaku ya alniko, ambayo ni mchanganyiko wenye alumini, nikeli na kobalti, na sauti yake ya kati huimba. Distortion ina sumaku ya seramiki na hushambulia kwa makali. Invader, yenye seramiki na skrubu za vichwa vikubwa, ni nene na nzito zaidi ya zote. Kwa upande mwingine, Super Distortion ya DiMarzio, ile iliyotoka mwaka 1972 na kuwafundisha wapiga gitaa kwamba inawezekana kuing'oa pikapu ya kiwandani na kuweka nyingine, ina ukinzani usiofika kilo-omu 14, na bado ina nguvu ya kuisukuma amplifaya hadi ikwaruze bila shida.

Kulikuwa pia na njia ya pikapu zinazotumia betri. Rafiki yangu wa bendi nyingine aliniazima gitaa lake lenye EMG 81 kwenye daraja na EMG 85 shingoni, jozi ambayo mpiga gitaa Zakk Wylde alijulikana nayo. Katika pikapu hizi koili huwa na sumaku na waya wa kawaida, lakini ndani yake mna kikuzaji kidogo kinachoendeshwa na betri ya volti 9, hivyo urefu wa kebo hauibi tena sauti za juu. Nilikaa na gitaa hilo kwa juma zima. Lilikuwa kimya kabisa kati ya pigo na pigo, na uzi wa C ulibana kama ngumi. Nakiri kwamba nilikaribia kufanya uamuzi siku ya kwanza tu. Mambo mawili yalinizuia. Nyimbo zetu nyingi huanza na sehemu tulivu ambayo mimi huipata kwa kupunguza sauti kwenye gitaa lenyewe ili mkwaruzo ufifie, na kwa 81 sauti ilipungua bila kubadilika tabia kwa namna niliyoizoea. Pili, tundu la nyaya katika gitaa langu ni dogo. Ningelazimika kuchonga mbao ili betri ipate nafasi, na pia kubadilisha potenshiometa, yaani vile vidhibiti vya kuzungusha vya sauti, za kilo-omu 500 kwa zile za 25 ambazo pikapu hizo huhitaji.

Kwa hiyo nilijua ninachokitafuta: pikapu isiyotumia betri, yenye sumaku ya seramiki, besi iliyobana, na makali ya kutosha kwa gitaa langu la mbao laini. Nilichagua Distortion. Kabla ya kuagiza nilipima kwa rula umbali kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita pale pikapu inapokaa. Jambo hili watu wengi hulipuuza. Hambaka huuzwa kwa nafasi mbili, ile ya kawaida na ile pana kidogo kwa magitaa ambayo nyuzi zake zimeachana zaidi kwenye daraja. Langu ni la nafasi pana, na nisingepima, nyuzi za pembeni zingepita kando ya ncha za sumaku.

Kazi ya kufunga niliifanya mwenyewe, nayo ilinipa usiku mmoja mgumu. Pikapu hii ina nyaya nne za rangi pamoja na moja iliyo wazi, na mimi nilifuata mchoro niliokuwa nao tangu zamani bila kuangalia kwamba ulikuwa wa DiMarzio. Nililehemu nyekundu kwenye njia ya sauti na kuunganisha nyeusi na nyeupe pamoja. Sauti ilitoka nyembamba na dhaifu, na mvumo niliokuwa nimeusahau ukarudi. Niliichukua mita na kuipima pikapu kupitia kebo: ikasoma takriban 8 badala ya 16. Hapo nikaelewa kwamba koili moja ilikuwa imejifunga yenyewe kama duara na ile ya pili ilifanya kazi peke yake. Kwa Seymour Duncan waya mweusi ndio wa sauti, mwekundu na mweupe huunganishwa na kufunikwa, na wa kijani pamoja na ule wa wazi huenda kwenye ardhi ya saketi. Nilivirudia viungo vyote, mita ikapanda hadi 16, na mvumo ukanyamaza.

Kilichonichukua muda mrefu kuliko yote ni umbali wa pikapu kutoka kwenye nyuzi. Nilidhani kuisogeza karibu kabisa ndiko kutakakonipa nguvu, kumbe sumaku kali ikikaribia sana huuvuta uzi na kuuzuia kutetema kwa uhuru. Nilibonyeza nyuzi kwenye kizuio cha mwisho cha shingo ya gitaa, nikaanza na milimita moja na nusu, kisha nikashuka robo mzunguko wa skrubu kwa wakati mmoja, nikirekodi kila hatua kwa kiwango kilekile cha sauti. Kusawazisha kiwango ni muhimu sana, maana sikio hupenda chenye kelele zaidi na kukiita kizuri. Nilisimama kwenye milimita 3 upande wa uzi mzito na 2 upande wa uzi mwembamba. Kisha nikateremsha geini ya amplifaya, yaani kiasi inachokuza sauti inayoingia, kutoka 8 hadi 5 na kupunguza besi, na katika rekodi ya mazoezi ya juma lile mapigo yangu na ngoma kubwa yalianguka mahali pamoja.

Pikapu ya shingoni sijaigusa. Ni ileile ya kiwandani yenye kilo-omu 7 na kidogo, dhaifu ukiilinganisha na mwenzake, nami huitumia kwa zile sehemu tulivu za mwanzo, pale ambapo kila uzi unatakiwa kusikika ukifa wenyewe polepole.