Nilivyowapata ndugu wa Kiyoruba

Nilipokuwa Ibadan, Nigeria, nilitaka kujua Kiyoruba kina undugu na lugha zipi. Mwenzangu aliyenitangulia masomoni akanishauri nikusanye maneno yanayofanana na Kiswahili, basi. Ushauri ule ulinilia wiki tatu, na mpaka leo unaniudhi.

Wákàtí: kwao ni saa, kwetu wakati. Àlùbáríkà, baraka. Àdúrà, dua. Àlàáfíà, afya! Nilijaza daftari, usingizi ukanipaa kwa furaha. Aliyenizindua ni mama mwenye nyumba, muuza vitunguu. Nilipomsomea orodha akasema, "Mwanangu, hayo si ya msikitini?" Kweli, yote Kiarabu, wao yaliwafikia kwa njia ya jangwa, sisi kwa bahari. Hata vitunguu vyake, àlùbọ́sà, jina lake asili yake ni hukohuko.

Ndipo nikapata mbinu ninayojivunia: hesabu, lakini mwisho tano. Usipite hapo, maana hata sisi sita, saba na tisa tumeazima. Mama akahesabu tatu mpaka tano: ẹ̀ta, ẹ̀rin, àrún. Nikapanda gari hadi Idah, nauli naira elfu kadhaa, nikawasikiliza Waigala: ẹ̀ta, ẹ̀lẹ, ẹ̀lú. Tatu ni ileile, na penye r ya Kiyoruba pana l, mara mbili mfululizo. Neno la kuazima kwa kawaida haliji na mpangilio kama huo. Ongeza Kiitsekiri cha Warri, kilicho karibu zaidi na Kiyoruba, umepata ndugu wa nyumba moja. Kiigbo, chenye atọ (tatu) na anọ (nne), ni binamu, pamoja na Kiedo. Ukoo huo mpana huitwa Volta-Niger.

Kitabu ukikiona kinaweka Kiyoruba na Kiakan cha Ghana katika kundi la lugha liitwalo Kwa, tazama mwaka. Mwanaisimu Greenberg alipanga hivyo mwaka 1963, ila mwaka 1977 wenzake Bennett na Sterk wakapendekeza Kiyoruba kihamishiwe kundi la Benue-Kongo, waliko Wabantu.

Hilo la Wabantu lilinigusa mimi mtoto wa Nyeri. Kiyoruba kufa ni kú; Kikikuyu, gũkua. Sikio kwao ni etí, kwetu gũtũ. Nilipomwambia mama akalishika sikio langu, akasema "etí", akanisubiri niseme "gũtũ", akarudia mwenyewe. Kisha akagusa pua.