Nilivyompata tena mwanangu kwenye ndoo ya viazi

Mwanangu wa kwanza nilimzaa Tukuyu, Aprili 2007. Mvua za kule za mwezi wa nne anayezijua anazijua, nilitoka naye hospitali nimemfunika shuka mbili na juu yake koti la baba yake, kakaonekana kapua tu. Nilimpa jina la marehemu baba yangu kwa hiyo mpaka leo namwita baba, na alipokuwa mdogo nikisema "baba njoo" anakuja mbio kapanua mikono utadhani kweli ndiye mwenye nyumba. Halafu alikuwa muongeaji huyo! Tulivyohamia Uyole, Mbeya, nikafungua kibanda cha chipsi pale karibu na njia panda ya kwenda Kyela, basi anakaa juu ya kreti la soda anahesabu malori, hili la Malawi, hili la Tunduma, hili kama la baba, maana baba yake ni dereva, anapakia Dar anashusha Lubumbashi, nyumbani tunamuona siku mbili tatu kwa mwezi.

Mwaka 2022 yuko kidato cha pili akanyamaza. Sio ugomvi, sio tabia mbaya, alinyamaza tu. Shikamoo mama, marahaba, anaingia chumbani. Chakula anakula kinaisha, sauti ishakuwa nzito, suruali niliyomshonea mwezi wa kwanza mwezi wa sita vifundo vya miguu viko nje, lakini neno hakuna. Nikamkalisha, baba una nini? Sina kitu. Kuna mtu kakufanya kitu? Hapana mama. Nikampigia baba yake yuko njiani huko Zambia akaongea naye kwa simu, jibu lile lile, niko salama baba. Dada yangu akasema muache huyo anabalehe wote ndivyo walivyo. Mi moyo wangu ulikataa, mtoto nimembeba mgongoni mwaka mzima na nusu namjua akinyamaza kwa kukua na akinyamaza kwa kuumia.

Sasa mwezi wa saba mwaka huo huo binti aliyekuwa ananisaidia kazi akaitwa kwao kuvuna. Na mwezi wa saba Uyole ni ule wa ukiongea mvuke unatoka mdomoni, kushika viazi kwenye maji vidole vinakufa ganzi kabisa. Usiku wa kwanza nikajikalisha jikoni na gunia langu, jiko la mkaa katikati, nikaanza kumenya mwenyewe. Mara mlango huo, katoka kajitanda blanketi, hakusema kitu, akavuta kigoda akachukua kisu. Na mimi sikusema kitu, sijui nani alinizuia ulimi, nikamsogezea ndoo tu.

Alikuwa anamenya vibaya jamani, ganda nene nusu ya kiazi linaenda kwa nguruwe wa jirani, nikawa naumia na viazi vyangu lakini nikavumilia. Usiku wa pili vile vile. Wa tatu ndio akaniuliza huku anachokoa jicho la kiazi kwa ncha ya kisu, hajaniangalia, "mama hivi baba alipokuwa kama mimi alikuwa mrefu hivi?" Nikamjibu nami macho yako kwenye kiazi changu, nikamhadithia baba yake alivyokuwa, mguu kama wa korongo, akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake miezi, na kilikuwa kicheko kipya, cha mwanaume.

Kama wiki ya pili ndio likatoka. Shuleni wenzake walikuwa wanamuita chipsi. Shati lake lilikuwa linanuka mafuta, akikaa dawati wanaziba pua, na hakutaka kuniambia kwa sababu, maneno yake haya, "ungeacha kukaanga mama, halafu ada?" Alikuwa na miaka 15. Nilimenya kile kiazi mpaka kikabaki kama gololi, sikutaka anione machozi.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa dada yangu Igawilo na yunifomu zote, tukakubaliana zinafuliwa kule, zinaanikwa kule, zinapigwa pasi kule, jumapili jioni anazifuata zikiwa kwenye begi na kila siku anavaa anapotoka tu, akirudi zinaingia begini zipu inafungwa. Chumbani kwake nilikuwa natunza karai na madumu ya mafuta, nikatoa vyote nikahamishia stoo. Gharama yake ilikuwa nauli ya bajaji tu! Mwezi haukuisha wakaacha kumuita.

Binti aliporudi kutoka kuvuna nikampa kazi za mchana, kumenya usiku nikamwambia aache, hiyo ina wenyewe. Na hapa wazazi wenzangu wenye vijana wa kiume nawaambia nilichokiona kwangu, ukimkalisha mnaangaliana usoni kama polisi na mtuhumiwa hutapata kitu, lakini mpe mikono yake kazi, na wewe yako iwe na kazi, macho yawe chini, subiri. Tulimenya hivyo mpaka anamaliza kidato cha nne Novemba 2024. Nimesikia kwenye ile ndoo habari za hesabu zinazomshinda, habari za binti mmoja wa kwaya, habari kwamba hataki kuwa dereva ila anaogopa kumwambia baba yake. Na ganda lake siku hizi jembamba kuliko langu, ukilinyanyua unaona mwanga wa taa upande wa pili.

Julai 2025 akaenda kidato cha tano, kapangiwa Iringa. Basi lilikuwa la saa 11 alfajiri, giza, nikamsindikiza stendi na tranka lake, kainama kunikumbatia, ndio, kainama yeye. Nilirudi nyumbani nimeshika simu. Chimala mama. Baada ya muda, Makambako mama huku baridi kama kwetu. Halafu Mafinga, kanunua mahindi ya kuchoma. Saa nne hivi nikasema niache kukaa, nikaingia jikoni kuchukua gunia nimenye, nikakuta ndoo zote mbili zimejaa, vyeupe, vimezamishwa kwenye maji, na simu ikaita tena: "mama nilimenya usiku ulipolala, badilisha maji visiwe vyeusi."