Kamba ya Nanga

Mjomba wangu alikuwa na studio ya picha Ng'ambo, mjini Unguja, na mandhari hayakumshughulisha hata kidogo. Kwake picha ilikuwa mtu: bwana harusi, mtoto aliyetoka arubaini, mwanafunzi wa pasipoti saizi. "Picha isiyo na mtu nani ataninunulia, mjomba?" alinijibu nilipomwomba anifundishe kupiga picha za pwani. Sisi huitana mjomba kwa mjomba, mkubwa kwa mdogo. Lakini alikuwa mzaliwa wa Jambiani, na nadhani hamu ya kwenda kwao ndiyo iliyomlegeza.

Siku ya kwenda Jambiani aliichagua yeye, kwa kuangalia mwezi. Ulikuwa umeandama juzi yake tu, mwanzoni mwa Machi, na bamvua, yaani yale maji yanayojaa sana na kupwa sana, za mwezi huo huwa kubwa kweli. Mimi nilikuwa nikiota jua linachomoza juu ya mchanga mtupu, maji yako kule mwambani. Mjomba akacheka. Kwetu Unguja, akasema, maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja alfajiri, yakapwa kabisa saa nne, saa tano, jua limeshakuwa utosini karibu na vivuli vimekwisha. Ukitaka maji yamepwa jua likitoka, uje karibu na siku za maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo tu, nayo hayendi mbali. "Mwenyezi Mungu hakukupa vyote viwili. Amekupa maji yanayotoka, basi piga maji yanayotoka."

Tulifika pwani kiza bado kipo. Nilipotaka kufungua mkoba akanizuia: nitembee kwanza, mikono mitupu, nikipata pa kusimama ndipo nirudi kuchukua kamera. Nikaenda huku na huku. Penye mashua nyingi palikuwa na vurugu, penye mchanga peke yake jicho halikuwa na pa kushika. Mwishowe nikaiona ngalawa moja imetia nanga karibu na ufuo, maji yameanza kuikimbia, na kamba yake imelala kwenye mchanga mbichi mpaka kwenye nanga, hatua chache kutoka miguuni pangu. Nikiwa nimesimama ilikuwa kamba tu iliyotupwa. Mjomba akanibonyeza bega nichutame. Ile kamba ikarefuka, ikaanzia chini ya picha, ikajipinda mara moja na kwenda moja kwa moja hadi kwenye omo, mbele ya ngalawa, na nyuma ya omo pakawa na ule mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mwambani.

Hapo ndipo kamera ilipotoka. Miguu ya stendi tuliididimiza mchangani mpaka ikagoma kuzama zaidi, maana maji yakipita chini yake mchanga hulegea na picha hutikisika. ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, tukaiweka 100. Mimi nilikuwa mbioni kuliziba tundu la lenzi hadi f/22, kwa kuwa nimesikia tundu dogo ndilo linaloonyesha karibu na mbali kwa pamoja. Akanirudisha f/11, tundu kubwa zaidi kidogo: mwanga ukibanwa mno hutawanyika, na picha nzima huwa na ukungu. Kwa lenzi yangu ya milimita 18, alisema, fokasi nikiikaza kwenye kitu kilicho mita mbili hivi, kuanzia mita moja mpaka mwisho wa macho kote kutasomeka. Nikaikaza kwenye fundo la kamba. Mpaka leo, nikipotea, narudi kwenye hesabu hiyo.

Akachungulia kwenye kioo cha kamera. "Bahari yako inamwagika." Kweli, mstari wa maji na mbingu ulikuwa umeinama kulia kidogo tu, lakini ukishauona huwezi kuona kingine. Nikaunyoosha, nikaupandisha hadi theluthi ya juu ili mchanga upate nafasi, maana mambo yalikuwa chini.

Jua lilitoka kwenye saa kumi na mbili na nusu. Nilipima mwanga wa mbingu, siyo wa mchanga. Giza la chini hufunuliwa baadaye kwenye kompyuta, lakini mbingu iliyoungua hairudi. Nikaweka saa ya kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili, ili kidole changu kisiitikise. Halafu kukawa na kungoja, na hili hakuna aliyewahi kuniambia kuwa ndiyo kazi yenyewe. Maji yalirudi nyuma yakiacha mifereji myembamba kwenye mchanga, kila mfereji ukishika mwanga kwa dakika chache kisha ukikauka. Picha niliyoipenda ilikuja jua limeshapanda kidogo, wakati mimi nilikuwa nadhani tumemaliza na mjomba anatafuta chai.

Saa mbili na kitu wakaanza kupita akina mama wa mwani, magunia mabegani, wakiyafuata maji yaendako. Mwani umelimwa pwani hii tangu 1989, na hao ndio wenye bahari asubuhi. Mjomba alichangamka: mtu huyo amepatikana! Akawaamkia, akawaomba. Bibi mmoja akajibu bila kusimama, "Picha hatutaki baba, tuna kazi." Tukaiweka kamera chini mpaka wakapita wote. Mjomba alisononeka njia nzima ya kurudi mjini.

Wiki kadhaa baadaye nilipita studioni kwake. Ile picha ya kamba alikuwa ameipeleka kwa wachapaji wa mabango, ikatoka kubwa kama ukuta, naye ameitundika badala ya lile pazia lake la zamani la maporomoko ya kuchora. Upande wa kushoto, wenye jua, alikuwa ameukata. Nilipomlalamikia akasema ukuta haukutosha, na hata hivyo pale ndipo wanaposimama maharusi. Siku hiyo kulikuwa na foleni.