Akamtenga na Mkutano

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilipangiwa kuwaandikia neno la uwakili. Nimeliweka kando. Tangu Jumapili moyo hautulii, na siwezi kuwahimiza kuhusu sadaka huku nafsi yangu mwenyewe inanisuta.

Nilikuwa mzee wa zamu ibada ya pili, na mnajua tunavyojaa. Mama mmoja alikuja na mwanawe wa miaka saba hivi, wakakaa upande wa kulia, karibu na ile spika kubwa. Mtoto alikuwa ametulia kabisa, anapanga vizibo vya soda kwenye benchi: chekundu, kijani, chekundu, kijani. Kwaya ya vijana ikasimama. Kinanda kilipolia tu, mtoto akaziba masikio. Ngoma zilipoingia akaanza kuyumba mbele na nyuma, kisha akapiga ukelele. Mpendwa mmoja wa safu za nyuma akaanza kukemea pepo. Wengine wakaja wakamshika kichwa. Kadiri walivyoomba kwa nguvu, mtoto alizidi kulia. Na kadiri alivyolia, ndivyo walivyopandisha sauti.

Nami nikafanya nini? Nikainama, nikamwambia mama yake kwa ile sauti yetu laini ya wazee wa kanisa: "Mama, mtoe nje kidogo." Akakusanya vitu vyake, akatoka. Vizibo viwili vikabaki chini ya benchi.

Jumatano nikaenda kumtembelea. Nikiri ukweli, nilikwenda kumfariji, sikwenda kumwomba radhi. Sikuona nilipokosea. Akanipokea vizuri, shikamoo mzee, karibu chai. Mtoto alikuwa sakafuni na vizibo vyake. Nikamsalimia, hakuinua uso. Tumeongea kidogo habari za mvua, mara nikasikia kutoka pale chini: "Mama, mtoe nje kidogo." Kwa sauti yangu. Ulaini ule ule, hata namna ninavyolivuta lile "kidogo" mwishoni. Chai ikagoma kushuka.

"Usijali, mzee," mama yake akasema. "Huwa anarudia anachosikia. Tangu Jumapili anasema hilo tu."

Mwanawe ana usonji. Nimelisikia neno hilo redioni kila inapofika tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa ajili ya watu hawa, ikaanza kuadhimishwa mwaka 2008. Nalisikia, nabadilisha stesheni. Kwa maelezo ya yule mama, ubongo wa mtoto umekua kwa njia yake tangu mwanzo, hivyo sauti, mwanga na hata lebo ya shati shingoni vinaweza kumfikia kwa nguvu ambayo mimi na wewe hatuijui. "Wewe spika unaisikia, mzee. Yeye inampiga." Akitaka maji anamvuta mama mkono hadi kwenye ndoo. Siku hizi anaonyesha picha ya kikombe, na hilo moja limewachukua miezi.

Nikarudi nyumbani nikafungua Marko 7. Andiko hili tumelihubiri mara ngapi? Watu wanamletea Yesu mtu kiziwi, mwenye utasi, yaani ulimi mzito, wanamsihi amwekee mikono. Sisi hukimbilia lile neno la Bwana "Efatha", yaani "Funguka", tunapiga vigelegele, tunafunga Biblia. Wiki hii nimekwama kwenye mstari wa 33: "Akamtenga na mkutano faraghani." Wapendwa, Bwana alianza kwa kumtoa mtu yule kwenye kelele! Mkutano ulikuwepo, na mashahidi wa muujiza wangekuwa wengi, lakini akamshika akaenda naye pembeni. Kisha akasema naye kwa vidole masikioni na kwa kumgusa ulimi, lugha ambayo kiziwi anaielewa. Hakumlazimisha kwanza asikie ndipo amhudumie.

Mtaniambia, mzee, na wewe si ulimtoa mtoto kwenye kelele? Hapana. Bwana alitoka pamoja naye. Mimi nilimtoa, nikabaki ndani nikiimba.

Sasa niseme na sisi tuombao. Siwazuii kuomba, na sisemi mkono wa Bwana umepungua. Lakini mtoto aliyeziba masikio kwa kelele, wewe unamwongezea kelele kwa jina la Yesu? Unamshika kichwa mtoto ambaye kuguswa ghafla kunamtia hofu, akijinasua unasema pepo amejidhihirisha? Tuache. Na wale mnaomuuliza mama huyu chini chini alikosea nini, au ukoo wa mume una nini, msomeni Yohana 9: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Wanafunzi waliuliza swali lenu hilo hilo, wakajibiwa. Kuna aliyemwambia ni chanjo. Andiko la kitabibu lililoeneza hofu hiyo lilitoka mwaka 1998, na jarida lililolichapisha likalifuta mwaka 2010. Wengine wamemshauri amchape. Hilo sina la kulijibu, nimekasirika tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na usonji. Ibada zetu mbili zinafika watu mia sita na ushee. Pigeni hesabu, halafu mniambie watoto hao wako wapi Jumapili asubuhi, na nani amebaki nao nyumbani wiki baada ya wiki akikosa meza ya Bwana. Tunawahesabu akina mama hao kuwa wamepoa kiroho. Tumewapoza sisi.

Nilimwomba radhi dada yetu kabla sijaondoka, nikamuuliza tumfanyie nini. Hakuomba kikubwa. Msimshike bila kumwonyesha kwanza mkono. Mkimsalimia asipojibu, msikasirike, amesikia. Ratiba ya ibada ikibadilika, aambiwe mapema amwandae mtoto. Na wasikae karibu na spika.

Hivyo benchi la mwisho karibu na mlango wa pembeni, tafadhali, tuliache wazi. Vijana wa mitambo nimeshaongea nao, wamelalamika kidogo, lakini spika ya nyuma haitawashwa. Zamu si yangu, ila nitakaa benchi hilo. Mtoto akihitaji kutoka, natoka nao, mahubiri nitayasikia dirishani.

Mama hajaniahidi kwamba watakuja, wala sikumbana. Vile vizibo viwili niliviokota, ninavyo mfukoni. Wakija nitamrudishia mwenyewe. Wasipokuja, Jumatano nitavipeleka.